Upinde Ukufuate Wewe

Leo nataka tuzungumze kuhusu upinde na mshale, na hasa jambo moja ambalo wengi wanaoanza mchezo huu hulipita mbio. Mtu avute upinde hadi wapi? Mkono uishie kidevuni, shavuni au sikioni? Na atajuaje kwamba hapo alipofika ndipo pake?

Swali linaonekana dogo, lakini mchezo wenyewe unatuonyesha uzito wake. Tarehe 4 Agosti 2024, katika fainali ya wanaume ya Michezo ya Olimpiki jijini Paris, Kim Woo-jin wa Korea Kusini na Brady Ellison wa Marekani walimaliza seti tano wakiwa sare, 5 kwa 5. Kila mmoja akapewa mshale mmoja wa kuamua. Wote wawili wakapiga kumi. Ikabidi ipimwe ni mshale wa nani uliokaribia zaidi kitovu cha shabaha. Wa Kim ulikuwa milimita 55.8 kutoka katikati, wa Ellison milimita 60.7. Medali ya dhahabu ikaenda Korea kwa tofauti ya milimita 4.9, na watu hao walikuwa wanapiga kutoka mita 70.

Sasa tufanye hesabu nyepesi pamoja. Mshale unaotoka kwa kasi ya mita 60 kwa sekunde hutumia sekunde moja na ushei kufika mita 70. Kwa muda huo mvutano wa dunia huushusha karibu mita 6.7, na mpigaji hulifidia hilo kwa kuuelekeza mshale juu. Kasi hiyo ikipungua kwa asilimia 1 tu, mshale utashuka zaidi kwa sentimita 13 hivi. Duara la kumi lina upana wa sentimita 12.2. Kwa hiyo mshale uliokuwa unakwenda katikati kabisa ya kumi utaangukia nane. Na kupoteza asilimia hiyo 1 si kazi ngumu: inatosha leo uvute pungufu ya jana kwa nusu sentimita. Jicho limelenga sawasawa, upepo umetulia, ila mkono umeishia mahali pengine.

Ndiyo sababu wapiga mishale wa Olimpiki hufunga kwenye upinde kibati chembamba kinachoitwa klika. Mshale hupita chini ya kibati hicho. Ncha yake ikivuka, kibati hugonga, ta! na mpigaji akisikia mlio huo anaachia. Klika inamhakikishia kwamba kila mara amefika palepale. Lakini klika haijui kama hapo ni mahali panapoufaa mwili wake. Hilo hulitafuta yeye na mwalimu wake, na likikosewa, klika itamsaidia kurudia kosa lilelile kwa uaminifu mkubwa.

Basi tuanze na kipimo. Urefu wa mvuto hupimwa upinde ukiwa umevutwa kikamilifu. Unapima kutoka kwenye kikato cha nyuma ya mshale, pale unaposhika upote, yaani kamba ya upinde, hadi sehemu ya ndani kabisa ya kishikio, pale kiganja kinapoegemea. Kisha unajumlisha inchi 1¾, kama sentimita 4.4. Hicho ndicho kipimo wanachotumia watengenezaji wengi wa pinde. Na uzito unaouona umeandikwa kwenye upinde wa kawaida, tuseme ratili 30, umepimwa ukiwa umevutwa inchi 28. Kila inchi moja zaidi huongeza ratili mbili hadi tatu, na kila inchi pungufu hupunguza kiasi hicho hicho. Kwa hiyo kaka mrefu anayevuta inchi 30 na dada yake anayevuta inchi 26 wakishirikiana upinde mmoja, mmoja anabeba ratili kama 35 na mwingine kama 25. Upinde ni uleule, mzigo ni tofauti.

Kwa anayeanza ipo njia rahisi ya kukadiria, nawe unaweza kuijaribu baada ya kipindi hiki. Simama mgongo ukiwa ukutani, nyoosha mikono yote miwili kando, viganja vikitazama mbele. Usijikaze, usijitanue ili uonekane mrefu. Mtu akupimie kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ya mkono wa pili. Gawanya kwa 2.5. Kama umepata sentimita 175, jibu ni sentimita 70, yaani kama inchi 27 na nusu. Hapo umepata pa kuanzia.

Nimesema pa kuanzia, na naomba tukae hapo kidogo, maana ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo. Watu wengi hupimwa siku ya kwanza, wakaandika namba, wakaenda kununua upinde na kukatisha mishale kwa namba hiyo, wakaamini kwamba jambo limekwisha. Halijaisha. Tepu inapima mikono, lakini upinde unavutwa kwa mgongo. Urefu wako halisi utaonekana pale mkao wako utakapokuwa sawa, na mkao huo siku ya kwanza huna.

Mtazame kijana anayeshika upinde kwa mara ya kwanza. Bega la mkono ulioshika upinde limepanda mpaka karibu na sikio. Vidole vimekibana kishikio hadi vifundo vimekuwa vyeupe. Mkono wa kuvuta unafanya kazi peke yake, kiwiko kikiwa kimechomoza nje, na kichwa kinaufuata upote mbele ili kuukuta njiani. Mpime sasa, utapata inchi 26. Mfundishe kwa wiki kadhaa. Ashushe bega, alegeze kiganja, asimamishe kichwa, aache kombe la mkono lisogee kuelekea uti wa mgongo, na kiwiko kizunguke nyuma. Mpime tena, huenda ukakuta inchi 27 au zaidi. Mifupa yake haikurefuka. Ni mwili uliopata nafasi yake.

Kwa hiyo usikatishe mishale mapema. Anayeanza na apige mishale mirefu kuliko anavyohitaji, na hili ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la alama. Mshale mfupi ukivutwa kupita egemeo lake kwenye upinde, ncha huanguka nyuma ya upinde, karibu na mkono ulioushika, na mtu akiachia hapo anaweza kujichoma vibaya. Na kwa kuwa tumetaja usalama, niongeze moja: usivute upinde ukauachia bila mshale. Nguvu ambayo ingebebwa na mshale hurudi kwenye upinde wenyewe, na upinde unaweza kupasuka mikononi mwako.

Tuuangalie sasa mkao, hatua kwa hatua. Kwa mpigaji anayetumia mkono wa kulia, bega la kushoto linaelekea kwenye shabaha, miguu imeachana kwa upana wa mabega, uzito umegawanyika sawa, na mbavu hazikubinuka mbele. Kishikio kinakaa kwenye mnofu ulio chini ya kidole gumba. Vidole vingine vinabaki vimelegea, na vifundo vya kiganja vimeinama kama nyuzi 45. Usiushike upinde, usukume. Wapigaji wengi hufunga kikamba kidogo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada ili upinde usianguke mshale unapoondoka, na hapo ndipo mkono unapata ujasiri wa kulegea.

Kiwiko cha mkono wa upinde kizungushwe kidogo ili upande wake wa ndani usielekee chini wala juu, uutazame upote kutoka pembeni. Asiyefanya hivyo atalijua kosa lake upesi, kwa sababu upote utamchapa kwenye kigasha na kuacha alama. Wengi huvaa kinga ya ngozi, na ni vizuri waivae. Lakini mtu anayechapwa kila siku ana jambo la kurekebisha kwenye kiwiko chake, au anavuta urefu uliozidi mwili wake.

Kisha mkono wa kuvuta unakuja usoni na kupata kituo. Katika mtindo wa Olimpiki, kidole cha shahada hujibana chini ya mfupa wa taya, na upote hugusa kidevu na ncha ya pua. Sehemu mbili za uso zinapougusa upote, mpigaji anajua bila kutazama kwamba kichwa chake kiko palepale kilipokuwa jana. Wanaowinda, na wengi wa pinde za kienyeji, huweka kidole kwenye pembe ya mdomo. Vyote viwili vinafaa. Kisichofaa ni kituo kinachohama.

Ukifika hapo, mtu akutazame kwa juu, au akupige picha akiwa amesimama nyuma yako kwenye ngazi. Mkono wa upinde na mabega mawili viwe karibu na mstari mmoja, na kiwiko cha kuvuta kikae nyuma kabisa ya mshale, kwenye mstari wake. Mzigo wa upinde hapo unabebwa na mifupa, na misuli mikubwa ya mgongo inaushikilia. Utaona mtu anapumua vizuri na sindano ya kulengea iliyo kwenye upinde haitetemeki. Huo ndio urefu wako. Huo ndio wa kuandika kwenye daftari.

Mvuto ukiwa mfupi, kiwiko hubaki nje ya mstari na kidole cha shahada hakifiki chini ya taya. Mkono wa kuvuta hukaza kwa sababu mgongo haujaingia kazini, mtu hutetemeka, na mishale hutawanyika kushoto na kulia. Mvuto ukiwa mrefu kupita kiasi, kiwiliwili huegemea nyuma ili kutafuta nafasi, bega la mbele hupanda, kichwa hurudi nyuma, na kituo huteleza kupita taya kuelekea sikioni. Wapo wanaopenda kuvuta hivyo kwa kuwa inaonekana ya kishujaa, na kila inchi inaongeza kasi. Lakini kasi isiyorudiwa haina faida shabahani, na bega linaloumia halitakusubiri umalize msimu.

Kwa wanaotumia upinde wa kampaundi, ule wenye magurudumu, alioupatia hataza Mmarekani Holless Wilbur Allen mwaka 1969, suala hili lina ukali wake. Magurudumu yamewekwa kwa urefu maalumu, na ukifika mwisho unakutana na ukuta. Huwezi kuvuta zaidi. Uzito hushuka sana hapo mwisho, mara nyingi kwa zaidi ya nusu, na wepesi huo huficha makosa. Upinde uliowekwa inchi moja zaidi utashikika bila taabu, huku mwili ukiegemea nyuma kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Rekebisha kwa robo inchi au nusu inchi, piga mishale ya kutosha, ndipo uamue.

Mafundisho ya namna hii yana historia ndefu. Mwaka 1545 Mwingereza Roger Ascham, ambaye baadaye alimfundisha binti mfalme aliyekuja kuwa Malkia Elizabeth wa Kwanza, alichapisha kitabu kiitwacho Toxophilus. Humo aliyagawa mambo ya mpigaji katika sehemu tano: kusimama, kupachika mshale, kuvuta, kushikilia na kuachia. Mwaka huohuo meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, ilizama ikiwa imebeba pinde nyingi. Ilipoinuliwa mwaka 1982 na pinde zake kuchunguzwa, wataalamu walikadiria kwamba nyingi zilihitaji ratili 100 na zaidi kuvutwa. Na katika mifupa ya baadhi ya mabaharia walikuta alama begani walizozihusisha na kuvuta pinde nzito tangu ujanani. Mwili unaweza kuzoea upinde mzito, lakini unazoea kwa miaka, tena kwa gharama.

Hapa kwetu maarifa haya yapo, na hayakuletwa na meli. Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, humpa mtoto wa kiume upinde akiwa bado mdogo sana, wa umri wa miaka mitatu hivi. Ni kiupinde cha saizi yake. Anakibeba kila aendako, analenga ndege na panya, na jinsi anavyokua ndivyo anavyopata upinde mkubwa zaidi, mpaka afikie ule wa mwindaji. Hakuna anayemkabidhi mtoto upinde wa baba yake na kumwambia ajikaze. Nchini Kenya, Wawaata wa nyika ya Tsavo walijulikana kwa pinde zao ndefu na nzito, ambazo kwa mishale yenye sumu waliwindia hata tembo. Mgeni mwenye misuli alishindwa kuuvuta upinde ambao mzee mwembamba aliuvuta. Mzee huyo alikuwa na mgongo uliofundishwa kazi tangu utotoni.

Korea Kusini wanaoutawala mchezo huu leo wanafuata mwendo huohuo wa subira. Timu yao ya wanawake imechukua dhahabu ya Olimpiki kila mara tangu shindano la timu lilipoanza mwaka 1988 hadi Paris mwaka 2024, mara kumi mfululizo. Watoto wao huanza shuleni, na huanzia kwenye mkao, wakivuta mpira na pinde nyepesi kabla ya kuruhusiwa kushindana na shabaha ya mbali. Alama huja baadaye.

Labda msikilizaji mmoja anajiuliza: na mwili usiofanana na huo unaoelezwa vitabuni, je? Nimjibu kwa mifano ya watu anaoweza kuwatazama. Matt Stutzman wa Marekani alizaliwa bila mikono. Huushika upinde kwa mguu, na kifyatulio kimefungwa kwenye mkanda uliozunguka bega lake. Alipata fedha katika Michezo ya Walemavu ya London mwaka 2012, na dhahabu Paris mwaka 2024. Sheetal Devi wa India, naye hana mikono, alirudi nyumbani kutoka Paris na medali ya shaba ya timu mchanganyiko akiwa na umri wa miaka 17. Mwaka 1984 Neroli Fairhall wa New Zealand alishiriki Olimpiki ya Los Angeles akiwa kwenye kiti cha magurudumu, pamoja na wapigaji waliosimama. Kwa Stutzman urefu wa mvuto unatoka kwenye unyayo hadi begani. Hakuna jedwali la dukani linalomwambia namba yake. Aliitafuta kwa mwili alionao, mpaka mguu, bega na taya vikapata mstari mmoja unaorudiwa. Anachofanya yeye ndicho anachopaswa kufanya kila mmoja wetu.

Na Afrika Mashariki tumefika kwenye jukwaa hilo. Mwaka 2016 aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio alikuwa mpiga mishale, Shehzana Anwar. Ni heshima iliyozoeleka kwenda kwa wanariadha wa mbio. Vijana wanaoweza kumfuata wapo, mashuleni na vijijini, na wengine wamekua wakiona pinde nyumbani.

Ndiyo maana maneno yangu ya mwisho nawaelekezea walimu na viongozi wa vilabu. Mkipata fedha za kununua vifaa, msinunue pinde nzito ili zidumu hadi watoto wakue. Nunueni nyepesi, za ratili 14 hadi 20 kwa wengi wanaoanza, na pale inapowezekana chukueni zile ambazo sehemu zake mbili zinazopinda hubadilishwa, ili mpini wa katikati ubaki na uzito uongezwe taratibu. Upinde mzito mno humnyima mtoto nafasi ya kujifunza mkao. Anahangaika kufika, na akifika anaachia haraka kabla hajachoka, kwa hiyo hajui kamwe mwisho wake uko wapi.

Kisha fungueni daftari. Andikeni jina la mtoto, tarehe, na urefu wa mvuto wake uliopimwa akiwa ameuvuta upinde mwepesi, mwalimu akiwa pembeni na mshale ukiwa umeelekezwa shabahani. Mpimeni tena kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu mtoto anakua na mkao wake unakua pamoja naye. Namba ikibadilika, badilisheni mishale na upinde, mtoto abaki na mgongo wake ulionyooka. Muda wa wiki za kwanza utumike hatua chache tu kutoka kwenye shabaha, pasipo kuhesabu alama, hadi kiwiko kijue njia yake. Mtoto aliyefundishwa hivyo atarudi nyuma mita 18, kisha 30, kisha 70, akibeba kitu kilekile kila hatua: mvuto mmoja, wa kwake, anaoweza kuurudia hata mshale wa mwisho ukiwa ndio unaoamua.